Sera za elimu ya awali na ustawi wa watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila panapozungumzwa watoto wadogo na bajeti ya serikali: kwenye vikao vya wazazi, kwenye semina za walimu, hata kwenye foleni ya kliniki. Mengine huulizwa kwa nia ya kujua, mengine kwa nia ya kubisha. Yote yana haki ya kujibiwa.

"Miaka ya awali" ni ipi hasa?

Inategemea unamuuliza nani. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya mwaka 2005, ilihesabu tangu kuzaliwa hadi mtoto anapotimiza miaka 8. Wataalamu wa lishe husisitiza siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto afikishe miaka 2: siku 270 tumboni na 730 nje. Wizara nyingi za elimu humfahamu mtoto siku anapoingia chekechea, akiwa na miaka 3, 4 au hata 5.

Angalia mwanya uliopo hapo katikati. Ratiba ya chanjo inamalizika mtoto akiwa bado mdogo sana, na darasa la kwanza kumpokea bado liko mbali. Katika miezi hiyo hakuna anayempima, hakuna anayemwandika popote, na akianza kubaki nyuma hakuna ofisi itakayojua.

Kwa nini serikali ijiingize? Kulea si kazi ya wazazi?

Ni kazi ya wazazi, wala hilo halina ubishi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na karibu kila nchi (Marekani iliutia saini mwaka 1995 lakini haijauridhia), unasema hivyo katika kifungu cha 18: wajibu wa kwanza ni wa wazazi. Ila kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba serikali iwasaidie wazazi, na ichukue hatua ili wale walio kazini wapate huduma za kulelewa watoto wao.

Mzazi anaweza kumbembeleza mtoto, kumwimbia, kumfundisha majina ya vitu. Hawezi kujipa likizo ya uzazi. Hawezi kuleta maji safi mtaani peke yake. Hawezi kukagua kituo cha kulelea watoto, kuangalia kama milango ya dharura inafunguka na kama walezi wamechunguzwa, kabla ya kumwacha mwanawe pale asubuhi na kukimbilia kazini. Hayo ndiyo ya serikali.

Ni kweli kwamba ubongo wa mtoto unamaliza kujengwa akifika miaka mitatu?

Hapana, na kauli hii imewatia wazazi wengi hofu isiyo na sababu. Ukweli ni kwamba miaka ya mwanzo kasi ni kubwa mno. Wataalamu wa makuzi ya mtoto wa Chuo Kikuu cha Harvard wanakadiria kuwa ubongo wa mtoto mchanga hutengeneza miunganiko mipya zaidi ya milioni 1 kwa sekunde. Baadaye ile isiyotumika hupunguzwa. Ni kama njia za miguu: inayopitwa kila siku inakuwa barabara, isiyopitwa inaota nyasi. Kazi hiyo inaendelea mpaka ujanani, ila kadiri miaka inavyokwenda kubadilisha njia kunakuwa kugumu zaidi.

Kinachozipitisha njia hizo si vifaa vya bei kubwa. Mtoto wa miezi 14 anaona sisimizi ukutani. Ananyoosha kidole: "Ee!" Mlezi anageuka, anafuata kidole: "Haa, umemwona sisimizi! Anapanda, anapanda..." Mtoto anamtazama mlezi usoni, anarudi kwa sisimizi, anasema tena "Ee!" na mlezi anaitikia tena. Sekunde 20 zimepita. Mtoto amejifunza neno, amejifunza kupokezana zamu ya kuzungumza, na kubwa kuliko yote, amejifunza kwamba akiita kuna mtu anaitika.

Linapokosekana hilo, madhara yake yanaonekana waziwazi. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi za mjini Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu walihamishiwa kwenye familia za kuwalea na wengine wakabaki katika malezi ya kawaida ya taasisi. Taasisi hizo ziliwapa mahali pa kulala na chakula. Kilichokuwa haba ni mtu mmoja wa kudumu wa kuitikia. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, na kwa mambo mengi waliofaidika hasa ni waliohamishwa kabla ya kufika miaka 2 hivi.

Sera ya namna hii inagusa mambo gani?

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia, pamoja na wadau wengine, walitoa mwongozo wa malezi unaotaja mambo matano: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Yule sisimizi yumo katika la tatu na la nne. Tatizo la mambo haya matano ni kwamba mtoto anayahitaji yote kwa siku moja, lakini serikalini kila jambo lina mlango wake.

Basi wizara gani isimamie?

Hapa ndipo sera nyingi hukwama. Muuguzi anamwona mtoto kliniki, anaona uzito hauongezeki, lakini hana pa kuandika kwamba mama amepoteza kazi. Ofisa ustawi anajua mama amepoteza kazi, lakini hajui mtoto ana uzito gani. Mwalimu anampokea mtoto huyo miaka mitatu baadaye na kusema "huyu ni mzito kuelewa". Watu watatu waaminifu, kila mmoja na daftari lake.

Nchi zimejaribu njia mbili. Uswidi mwaka 1996 iliondoa huduma za watoto wadogo kwenye wizara ya mambo ya jamii na kuziweka chini ya wizara ya elimu, ili malezi na elimu viwe kitu kimoja. Chile ilikwenda njia nyingine: mwaka 2007 ilianzisha mpango uitwao Chile Crece Contigo, ambao mwaka 2009 ulifanywa kuwa sheria. Huko wizara zilibaki na kazi zake, ila mtoto anaingia kwenye mfumo tangu hudhurio la kwanza la mama mjamzito kliniki, na kutoka hapo familia inafuatiliwa na kuunganishwa na huduma nyingine kulingana na mahitaji yake.

Kwa maoni yangu njia ya Chile inawafaa wengi zaidi, kwa sababu inaanzia mahali ambapo karibu kila mama hufika. Lakini inadai jambo moja lisilopendwa na wakubwa wa ofisi: fedha iwe na fungu lake lenye jina, na mtu mmoja awajibike. Kamati ya pamoja ya wizara tano isiyo na bajeti huishia kwenye chai na kumbukumbu za kikao.

Kuna ushahidi gani kwamba fedha hizi zinarudi?

Upo, na wa miaka mingi. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa shule ya Perry, uliofanyika mjini Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967. Watoto 123 wa familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu. 58 walipata elimu ya awali, saa mbili na nusu kila asubuhi, na mwalimu aliwatembelea nyumbani kila wiki. Waliendelea kufuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 40 waliosoma walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Mchumi James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, na wenzake walikadiria kwamba kila fedha iliyowekwa pale ilirudisha faida ya kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka.

Kuna jambo moja kuhusu Perry ambalo wanaoutaja kwenye hotuba huliruka. Alama za akili za watoto wale zilipanda mwanzoni, kisha katika miaka michache zikashuka hadi kuwa karibu sawa na za wenzao. Laiti watafiti wangefunga mafaili hapo, mradi ungeitwa hasara. Faida ilijitokeza baadaye na mahali pengine: kumaliza shule, kudumu kazini, kujizuia.

Utafiti ninaoupenda mimi zaidi ni wa Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 walichaguliwa watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili, mhudumu wa afya ya jamii alizitembelea baadhi ya familia kila wiki kwa saa moja hivi. Hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Alibeba vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani, akakaa chini na mama na mtoto, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto, kisha mama akajaribu mwenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba miaka 20 baadaye vijana wale walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakudumaa utotoni. Wengine walipewa nyongeza ya lishe peke yake; kwao faida ya muda mrefu ya namna hiyo haikuonekana.

Tafiti hizi zote mbili zilikuwa na watoto wachache na zilisimamiwa kwa karibu. Kutoka hapo hadi mpango wa nchi nzima ni mbali, na swali linalofuata linaonyesha umbali huo.

Mbona nimesikia watoto waliosoma elimu ya awali Tennessee walifanya vibaya kuliko wasiosoma?

Umesikia sawa. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilikuwa na mpango wa umma wa elimu ya awali, na kwa kuwa nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji, watoto waliingia kwa kura. Watafiti waliwafuatilia watoto karibu 3,000. Mwanzoni waliosoma walikuwa mbele. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita walikuwa nyuma kwa alama za mitihani na walikuwa na makosa zaidi ya nidhamu.

Jimbo la Quebec, Kanada, lina hadithi inayofanana na hiyo. Mwaka 1997 lilianza kutoa huduma ya kulelea watoto kwa dola 5 tu kwa siku. Akina mama wengi walirudi kazini, na kwa upande huo sera ilifaulu. Lakini wachumi waliowachunguza watoto waliona wasiwasi na ukorofi vimeongezeka. Nafasi zilikuwa zimepanuliwa haraka, na ubora haukulingana. Vituo visivyoendeshwa ili kupata faida vilikuwa bora kuliko vya biashara.

Wapinzani wa elimu ya awali hutumia mifano hii kama rungu, na watetezi huificha. Mimi naona ndiyo mifano yenye manufaa kuliko yote, kwa kuwa inatuambia kwamba kumwingiza mtoto darasani na kumpa elimu ya awali ni mambo mawili. Waziri anaweza kufungua madarasa elfu kwa mwaka mmoja. Hawezi kupata walimu elfu wanaojua kukaa na watoto wa miaka minne kwa mwaka mmoja.

Ubora ni nini, hasa?

Ukaguzi mwingi huhesabu vinavyohesabika: ukubwa wa chumba, idadi ya vyoo, uwiano wa watoto kwa mlezi, cheti cha mwalimu ukutani. Vitu hivyo ni vya lazima. Hakuna anayetaka mwanawe mahali pasipo na choo. Lakini havimfundishi mtoto.

Chukua vyumba viwili vyenye uwiano uleule. Katika cha kwanza mwalimu amesimama mbele na kijiti, anagusa ubao: "Hii nini?" Watoto wote kwa sauti moja: "A!" "Tena!" "A!" Mtoto wa safu ya nyuma anafungua kinywa pamoja na wenzake huku macho yako dirishani, hata kama hajui, hakuna atakayegundua. Katika cha pili watoto wanne wamepiga magoti kuzunguka mnara wa vipande vya mbao. Mmoja anataka kuweka kipande kikubwa juu kabisa. Mwalimu amechuchumaa kando, hajanyoosha mkono. "Unadhani ukikiweka hapo itakuwaje?" Mtoto anafikiri. "Utaanguka." "Kwa nini?" Kimya. "Kwa sababu... kichwa kitakuwa kizito." Anakiweka hata hivyo, mnara unaanguka, wote wanacheka, wanaanza upya na kipande kikubwa chini.

Katika chumba cha pili kulikuwa na fizikia, lugha, ushirikiano na ujasiri wa kukosea. Mkaguzi mwenye fomu ya vyoo angeviandikia vyumba hivyo alama sawa.

Hata hivyo uwiano si jambo dogo. Mlezi mmoja mwenye watoto 40 hawezi kukiona kidole kilichonyooshwa kwa sisimizi, hata awe na moyo gani. Atabaki kuzima ugomvi na kufuta kamasi.

Walezi na walimu wa awali wanahitaji sifa gani?

Wanahitaji mafunzo ya makuzi ya mtoto, si ualimu wa darasa la nne uliopunguzwa kidogo. Wanahitaji mtu mwenye uzoefu wa kuwatembelea darasani, kukaa nao baadaye na kusema "nimeona ulivyofanya pale, ungeweza kusubiri kidogo kabla ya kumjibu". Semina ya siku tatu hotelini haibadilishi kitu kama hakuna anayekuja kuangalia baada ya hapo.

Na wanahitaji kulipwa. Katika nchi nyingi, kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo anayemhudumia anavyolipwa kidogo, mpaka unafika kwa mlezi wa watoto wachanga ambaye mara nyingine hata mkataba hana. Matokeo yake ni kwamba hadumu. Akipata kazi nyingine anaondoka, na mtoto aliyekuwa ameanza kumzoea anaanza upya na uso mwingine, kisha mwingine. Kwa mtu mzima huyo ni mfanyakazi aliyeacha kazi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni mtu wake ametoweka. Kama sera ina fungu la majengo na haina fungu la mishahara, mimi huiweka chini bila kuimaliza.

Mtoto wangu ana miaka minne na hajui kusoma. Amechelewa?

Hajachelewa hata kidogo. Ufini huanza shule ya msingi mtoto akiwa na miaka 7. Mwaka mmoja kabla ya hapo, elimu ya awali ni ya lazima tangu mwaka 2015, na sehemu yake kubwa ni michezo. Ufaransa, tangu mwaka 2019, inalazimisha mtoto awe kwenye elimu tangu miaka 3. Nchi mbili zenye mitazamo tofauti, na watoto wa zote mbili wanajua kusoma. Umri wa kuanza hautoshi kueleza nani atafaulu.

Kinachohitajika kabla ya herufi ni masikio na mikono. Mtoto anayejua vitendawili, anayecheza na maneno yanayofanana sauti, anayesimulia alichoona jana kwa mpangilio, ameshaanza kusoma hata kama hajashika kitabu. Anayefinyanga, kuchana karatasi na kufunga vifungo anaviandaa vidole kwa kalamu. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinataja kucheza kuwa ni haki, na mzazi anaweza kukisoma mbele ya mwalimu mkuu anayempa mtoto wa miaka minne kurasa tatu za kunakili jioni.

Afundishwe kwa lugha gani?

Kwa lugha anayoielewa. UNESCO ilisema mwaka 1953 kwamba lugha bora ya kuanzia elimu ni lugha ya mama, na hakuna kilichotokea tangu wakati huo cha kuibatilisha kauli hiyo. Lugha nyingine itakuja na itashika vizuri zaidi mtoto akiwa tayari ana dhana kichwani. Anayejua "nzito" na "nyepesi" kwa lugha yake anajifunza maneno mawili tu. Asiyejua anajifunza dhana na maneno kwa pamoja, akiwa amekaa kimya kwa kuogopa kuchekwa.

Likizo ya uzazi inahusiana vipi na elimu ya awali?

Ndiyo darasa la kwanza. Fanya hesabu hii ndogo. WHO inashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yaani wiki 26 hivi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2000 unaweka likizo isiyopungua wiki 14. Pendekezo namba 191 lililoambatana nao linasema nchi zijitahidi kufika wiki 18. Hata nchi inayofuata pendekezo hilo inamwachia mama wiki 8 za kujitafutia namna. Ndiyo maana mapumziko ya kunyonyesha kazini na vyumba vya kukamulia maziwa vinapaswa kuwa ndani ya sheria na si hisani ya mwajiri.

Baba naye yumo. Uswidi inatoa siku 480 kwa kila mtoto kwa wazazi wote wawili, na siku 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake, asipozichukua zinapotea. Kabla ya kuwepo kwa siku zisizohamishika, akina baba wengi walimwachia mama zote.

Linalosahaulika ni kwamba sheria hizi humgusa mwenye ajira rasmi. Mama anayefanya vibarua hana mwajiri wa kumwomba likizo. Kwake sera inayofika ni posho ya mtoto inayolipwa moja kwa moja, bima ya jamii inayompokea hata kama hana mwajiri, na kituo cha malezi karibu na anapofanyia kazi.

Serikali itenge kiasi gani?

UNICEF inapendekeza angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu iende kwenye elimu ya awali, na kiwango hicho kilirudiwa katika Tamko la Tashkent, Novemba 2022, nchi zilipokutana Uzbekistan kuzungumzia watoto wadogo. Lengo namba 4.2 la Malengo ya Maendeleo Endelevu linataka ifikapo mwaka 2030 watoto wote wapate malezi na elimu ya awali yenye ubora. Nchi nyingi ziko mbali na asilimia hizo 10. Ukiisoma bajeti ya nchi yako, usitazame jumla peke yake. Tafuta kama elimu ya awali ina mstari wake. Mara nyingi imefichwa ndani ya shule za msingi, na fedha iliyofichwa humo huliwa na madarasa ya mitihani.

Iwe bure kwa wote, au kwa maskini tu?

Huduma ya maskini tu huishia kuwa huduma duni, kwa sababu wenye sauti hawaitumii. Huduma ya wote inayofunguliwa popote kwa mara moja hujaa kwanza watoto wa waliojua kujaza fomu mapema. Njia ya kati ni kuahidi wote lakini kuanza kujenga kule ambako hakuna kitu, na kuweka walimu wengi zaidi kwa kila mtoto huko. Kisiasa ni ngumu: vituo vya kwanza vitazinduliwa mbali na kamera.

Watoto wenye ulemavu wanaingia wapi?

Kwenye chumba hichohicho. Ndivyo unavyotaka Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Kazi kubwa hapa ni kugundua mapema. Mtoto asiyesikia hulia na kucheka kama wengine, na nyumbani wanaweza wasijue mpaka avuke umri wa kusema maneno. Kila mwezi unaopita bila lugha, iwe ya sauti au ya alama, ni mwezi wa hasara. Kipimo cha masikio wiki za mwanzo, na maswali machache ya makuzi kila anapoletwa chanjo, vingewaokoa wengi. Lakini usianzishe upimaji bila mahali pa kumpeleka atakayegundulika. Huko ni kumpa mzazi habari mbaya na kumfungia mlango.

Na adhabu ya viboko?

Uswidi iliipiga marufuku mwaka 1979, hata nyumbani, ikiwa ya kwanza duniani. Leo zaidi ya nchi 60 zimefanya hivyo. Sheria hufaulu pale mlezi anapofundishwa cha kufanya badala yake. Ukimnyang'anya kiboko na kumwachia watoto 40, atatafuta kingine.

Simu na runinga je?

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu yake ni bora. Kabla ya kumlaumu mama aliyempa mtoto simu, uliza kama ana mtu wa kumsaidia kumshika.

Nitajuaje kama sera imefika kwa watoto?

Kuna vipimo rasmi. UNICEF mwaka 2020 ilitoa kipimo cha maswali 20 anayoulizwa mama au mlezi kuhusu mtoto wa miezi 24 hadi 59: anatembeaje, anasemaje, anaelewana vipi na wenzake. Kikifanywa kwenye sampuli ya nchi nzima kinaonyesha wapi hali ni mbaya. Hakikuundwa ili kumpa mtoto mmoja alama, kwa hiyo usikubali kituo kikitumie kupangia watoto namba.

Kama wewe ni diwani, mwandishi au mzazi wa kamati ya kituo, omba kukaa nyuma ya darasa kwa nusu saa. Usiulize swali, usipige picha. Chukua karatasi. Kila mtoto anapomwita mtu mzima, kwa neno, kwa kilio, kwa kidole, weka alama. Akiitikiwa, izungushie duara. Mwishoni hesabu alama na hesabu maduara. Kabla ya kuondoka muulize mlezi ameanza kazi pale lini, na mwezi uliopita alilipwa tarehe ngapi.